Ruhusa ya Maitu

Kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, Waceke Kihara hupiga goti kwenye nyasi zenye umande, akamimina mvua ya jana katika bilauri nyembamba ya kupimia, kisha akaiinua hadi usawa wa jicho. Maji hayalali sawasawa ndani ya kioo. Hupanda kidogo pembeni na kubonyea katikati, na mpimaji asiyeijua kazi husoma pembeni akaongeza mvua ambayo Mungu hakuinyesha. Waceke husoma katikati. Alikuwa amesoma katikati kwa miaka kumi na sita, kwenye uwanja uleule wa idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner, lakini Alhamisi ile ya Aprili alilazimika kusoma mara tatu. Macho yalikuwa kwenye bilauri, akili ilikuwa safarini.

Mkuu wake, Ndambuki, alimkuta bado amepiga goti. Ndambuki ni mtu mzuri, mwenye sauti kubwa na moyo mweupe, mmoja wa wale watu wanaopenda kukupangia maisha yako kwa nia njema kabisa.

"Waceke, bado unaangalia maji? Hiyo maji haitatoroka." Akamkabidhi bahasha ya kaki. "Fomu yako nimesaini. Masters ya uongozi, klasi ni jioni, hapo tu tauni katikati ya jiji. Unatoka kazi, unaingia klasi, saa tatu uko kwa nyumba. Mathe wako huko nyumbani hata hatajua ulienda mahali."

"Asante, mkubwa."

"Usiniambie asante, peleka fomu. Kesho saa kumi na moja wanafunga. Mimi mwaka ujao naenda kulima ndengu kwetu, na hii kiti yangu sitaki ikaliwe na mtu wa kuletwa." Akapunguza sauti. "Na wale wa Norwe?"

"Wao pia wanataka jibu kesho."

Ndambuki akatikisa kichwa. "Norwe ni mbali, Waceke. Na wewe pia si wa jana."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Alikuwa na miaka arobaini kasoro miezi miwili. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa karibu, imepigwa lami, na mwisho wake ulikuwa ofisi ya Ndambuki yenye zulia na dirisha la kutazama barabara ya Ngong. Ya pili ilikuwa miaka miwili katika mji wa Norwe ambao, kwa takwimu alizozijua yeye mwenyewe, siku za mvua ni nyingi kuliko siku kavu. Huko angesomea mvua za kale. Katika stoo ya idara kulikuwa na mamia ya madaftari ya zamani, ya masista wa misheni, ya wenye mashamba ya kahawa, ya masteshenimasta wa reli, watu waliopima mvua kila asubuhi wakatuma hesabu zao kwa posta bila kujua nani atakuja kuzisoma. Waceke alikuwa amezinakili kwa miaka saba, saa ya chakula cha mchana, akila ndizi kwa mkono wa kushoto. Profesa mmoja wa huko aliziona kurasa zake, akamwandikia. Gharama zote zilikuwa juu yao. Walichotaka ni neno moja tu, ndiyo au la.

Ungedhani mtu wa namna hiyo hahitaji kufikiri mara mbili. Lakini nyumbani Riruta kulikuwa na mama yake, miaka sabini na minane, mwenye nyonga mbovu na sukari isiyotabirika kuliko mvua. Na tena, hii haikuwa mara ya kwanza. Chuo hichohicho cha Norwe kilikuwa kimemfungulia mlango miaka kumi na sita iliyopita, na Waceke akaufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana alikwenda mjini na bahasha yake. Angeweza kufika kwenye chuo cha jioni kwa dakika tano, lakini miguu ilijichagulia njia, ikampitisha Biashara Street. Huko ndiko mama yake alikokuwa akimleta Jumamosi kununua uzi wa kufumia, enzi walipoishi Woodley, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yenye ua wa miiba ya kaiyaba na mlango wa kijani. Mama alikuwa na kawaida ya kuusugua uzi shavuni kabla ya kuununua, na mwenye duka, mzee wa Kihindi, alikuwa akigeuka kando kwa adabu mpaka amalize. Baadaye walikwenda kunywa chai ya maziwa na mandazi katika mkahawa wa ngazi nyembamba, na Waceke aliruhusiwa kuimimina chai kwenye sahani ipoe. Mkahawa ule sasa wanauza simu. Alisimama mbele yake kidogo, watu wakimpita huku na huku, akahisi hamu ya ile chai kooni kabisa.

Na Woodley ilipoingia moyoni, baba yake naye hakukawia. Mzee Kihara alikuwa karani wa kanjo siku tano za wiki na mkulima siku zote saba. Nyuma ya nyumba alikuwa amefunga kopo la mafuta ya kupikia juu ya kigingi, na kila asubuhi ya masika alitumbukiza vidole ndani na kutangaza kwa sauti ya mhubiri, "Vidole viwili!" Nyumba nzima ilikuwa ikijibu, "Bwana asifiwe!" Kaka yake Kiarie na dada yake Anita walijibu kwa mzaha. Waceke peke yake ndiye aliyekuwa akitoka na viatu vilivyolowa kwenda kuhakikisha kwamba vilikuwa viwili kweli.

Kwenye chuo cha jioni, msichana wa mapokezi, Jackie kwa mujibu wa kibandiko kifuani, aliunyoosha mkono kabla ya salamu. "Ni fomu unaacha?"

Waceke aliitazama bahasha. Nyuma ya msichana, ukutani, palikuwa na picha ya watu waliovaa suti wakicheka mbele ya kompyuta, na hakuna hata mmoja wao aliyeonekana kuwahi kulowa.

"Nitarudi kesho," alisema.

Akatoka, akapita mbele ya Posta kuu, na hapo hakuweza kujizuia tena. Palepale kwenye ngazi ndipo aliposimama akiwa na miaka ishirini na minne, na barua ya kukataa mkononi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Baba yao alifariki Machi, wakahama Woodley kwenda kwenye ploti ya Riruta, na Juni ikaja barua ya Norwe. Mama hakusema neno. Alikuwa akikaa mlangoni na leso mapajani kuanzia chai ya asubuhi hadi chai ya jioni. Waceke alimwuliza, "Mami, niende?" Mama akajibu, "Wewe ndiye ujuaye, Maitu."

Maitu, yaani mama yangu. Kwa desturi ya Wagikuyu binti wa pili huchukua jina la nyanya mzaa mama, na Waceke alikuwa binti wa pili. Tangu siku alipozaliwa mama yake hakuwahi kumwita kwa jina lake. Hakuwahi kumchapa pia, jambo ambalo Anita alilalamikia utoto wake wote. Bibi yule wa Githunguri, Waceke mkubwa, alikuwa mwanamke wa amri. Mama alipenda kusimulia jinsi bibi huyo alivyokuwa akienda soko la Limuru: haagi, haombi, husimama langoni na mzigo mgongoni akawapangia watoto siku yao yote, nani ateke maji, nani amfunge mbuzi, nani asithubutu kulia, kisha huondoka bila kutazama nyuma. "Nasi tulikuwa tukiitikia tu, ndiyo, Maitu," mama alikuwa akisema, macho yakimng'aa kwa fahari na woga wa kitoto.

Basi Agosti ile, mwezi mmoja kabla ya safari, alikuja Tata Ciru, mdogo wake mama, kutoka Githunguri. Alikuja na begi, kuku mmoja na blanketi lake mwenyewe. Ni lile blanketi lililomwambia Waceke kila kitu. Mgeni wa kawaida hulala kwa blanketi la mwenyeji. Anayekuja na lake amekuja kuuguza. Mama anaumwa, alijiambia, anaumwa vibaya na wananificha. Hakumwuliza mtu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika nyumba ile kuuliza kulikuwa kama kumvua mtu nguo. Siku ya nne alipanda ngazi za Posta akaituma barua. Wiki ya tatu Tata Ciru alikunja blanketi lake akarudi kwake, na langoni alimtazama Waceke sana, akasema, "Haya. Umeamua." Waceke aliichukua kuwa sifa. Aliishi na sifa hiyo kwa miaka kumi na sita, ikampa joto kiasi chake siku za baridi.

Ijumaa aliomba ruhusa ya nusu siku. Ploti ya Riruta ina vyumba saba vya wapangaji vinavyotazamana, kamba za nguo katikati, na nyumba ya mwenyewe mbele karibu na lango. Waceke aliishi hapo na mama yake. Hakuolewa, na hicho ni kisa kingine ambacho hakituhusu leo. Kaka yake Kiarie ana nyumba Kitisuru yenye vyumba ambavyo hakuna anayevilalia. Mama alijaribu kuishi huko siku mbili, ya tatu akaomba arudishwe, akidai kwamba kule hata jogoo wameambiwa wanyamaze.

Alimkuta mama uani, juu ya kigoda, ungo mapajani, akichambua maharagwe. Hatua chache kutoka hapo Munyiva, mpangaji wa chumba cha tatu, mjane anayekwenda kanisa moja na mama na kugombana naye kila siku juu ya chumvi, alikuwa akifua. Asubuhi Waceke alikuwa amemsimamisha langoni akamwuliza, kwa kuuliza tu, kama angekubali kuhamia chumba cha mbele katika nyumba ya mama, ikitokea haja. Munyiva alikubali kabla swali halijaisha. Sasa alikuwa ameinamia karai lake kwa bidii ya mtu asiyesikiliza.

Waceke alivuta kigoda cha pili, akaketi. Walizungumza Kikuyu, kama kawaida yao wakiwa nyumbani.

"Mami, leo saa kumi na moja lazima nijibu."

"Najua. Kiarie alinipigia."

"Alisemaje?"

"Alisema nikuambie usome hapa karibu." Mama alitoa kijiwe kwenye maharagwe akakitupa. "Nikamwuliza, mimi nitamwelekezaje Maitu pa kwenda?"

"Na wewe je? Unasemaje?"

"Wewe ndiye ujuaye, Maitu."

Hasira ilimpanda Waceke ghafla, hasira nzee ambayo hakujua kama bado alikuwa nayo. "Mimi sijui!" alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Sijui, Mami. Nikienda, siku sukari itakapokuangusha, ni nani atakuokota? Mara ile angalau alikuja Tata Ciru na blanketi lake. Sasa Tata Ciru tumemzika."

Vidole vya mama vilisimama juu ya maharagwe.

"Mara ile ipi?"

"Mwaka aliokufa Baba. Ulipougua, ukamwita aje akuuguze."

"Sikuugua."

"Mami, nilikuona. Ulikuwa ukikaa mlangoni kutwa."

"Nilikuwa nimefiwa," mama alisema polepole. "Kufiwa si ugonjwa. Ciru nilimwita aje akae na mimi, wewe uende."

Karai la Munyiva lilinyamaza.

"Niende wapi?" Waceke aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Kwa hao watu wako wa mvua. Nilijiambia, Maitu akiona nina mtu wa kulala naye nyumba moja, ataondoka na roho safi. Ciru akaacha ng'ombe wake kwa jirani, akafunga blanketi, maana alijua anakuja kukaa miaka, si siku. Tukangoja utuage. Wiki ya kwanza tukangoja. Ya pili tukangoja. Ya tatu Ciru akaniambia, huyu hataki kwenda, tusimsumbue. Akarudi kwa ng'ombe wake."

Waceke alisogeza kigoda chake karibu. "Mbona hukuniambia?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la mtu mgeni. "Nikuambie nini? Niseme, Maitu, toka nyumbani? Nani humwonyesha mama yake mlango?"

Waceke alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kikaharibika katikati, na alipokuja kugundua alikuwa akilia, tena kwa sauti, uani, mchana kweupe, mbele ya nguo za wapangaji. Yeye alikuwa amengoja kuambiwa nenda. Mama alikuwa amengoja kusikia naenda. Walikuwa kama watu wawili wenye adabu mlangoni, huyu akisema tangulia, yule akisema tangulia wewe, mpaka mvua ikawalowesha wote wawili. Alimlilia yule msichana wa ngazi za Posta, aliyejiona shujaa. Alimlilia Tata Ciru, ambaye aliacha ng'ombe wake akaja kungoja, na ambaye langoni alitazamana na mpwa wake akidhani anamtazama mtu asiye na hamu ya kuiona dunia. Majuto ni mjukuu, husemwa, na Waceke, ambaye hakuwahi kumletea mama yake mjukuu, sasa alikuwa amemletea huyo.

Mama hakumbembeleza. Alisubiri, mikono kwenye ungo, kama mtoto anavyosubiri mtu mzima amalize kulia ili ajue amekosea wapi. Na ni pale, alipouona uso ule wenye makunyanzi ukimtazama kwa unyenyekevu na wasiwasi, Waceke alipoelewa jambo ambalo angepaswa kulielewa zamani. Mwanamke huyu hatamruhusu kamwe. Hawezi. Ruhusa aliyoingoja maisha yake yote haikuwa mikononi mwa mama. Ilikuwa mikononi mwake yeye, tangu siku ile alipopewa jina.

Alifuta uso kwa kiganja. Akasimama.

"Haya, nisikilize," alisema, na sauti ilikuwa yake na haikuwa yake. "Mimi nasafiri. Munyiva atahamia chumba cha mbele, nimeshazungumza naye."

"Mimi niko tayari, hata leo nahama," Munyiva alidakia kwa Kiswahili kutoka kwenye karai. Kikuyu alikuwa akijidai hakielewi tangu ahamie hapo.

"Dawa utakunywa asubuhi baada ya uji, si kabla. Kliniki Kiarie atakupeleka kila mwezi, na usimwambie umepona ili asije. Chai ni kijiko kimoja cha sukari. Kimoja, nimesema. Na hiyo ngazi ya darini nisisikie umeipanda."

Mama alikuwa amekaa wima juu ya kigoda. Waceke aliogopa kwamba amezidi, kwamba amemkosea adabu mama yake mzazi mbele ya mpangaji.

"Ndiyo, Maitu," mama akasema.

Waceke alitoa simu mfukoni. Vidole vilikuwa na chumvi ya machozi, kioo kikakataa mara mbili kumtambua. Barua pepe ya Norwe ilikuwa na visanduku viwili tu, na mtandao wa Riruta, ambao una tabia zake, ulizungusha kile kiduara chake kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Kisha neno likaenda. Ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana. Angani upande wa Ngong mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na Munyiva alianza kuanua nguo zilizokauka bila kuagizwa na mtu.

Alirudi kuketi. Alifurahi, aliogopa, na alimwonea mama yake huruma, yote kwa pamoja. Wakachambua maharagwe, vichwa vikikaribiana juu ya ungo mmoja. Mama alipozungumza tena hakuinua macho, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Waceke alivyowahi kuisikia.

"Utarudi lini, Maitu?"

Kwa miaka kumi na sita kazi ya Waceke ilikuwa kuwaambia watu ni lini mvua itakuja na ni lini itakwisha, na mara nyingi hakukosea. Alimtazama yule mtoto wa miaka sabini na minane akingoja jibu, kisha akausogeza ungo karibu, akatafuta kijiwe ambacho hakikuwapo.